Walichoshikishwa

Wewe unayesoma hapa umegeuza uso. Usikatae. Picha iko ukutani sebuleni kwenu, juu ya televisheni, ndani ya fremu iliyomegeka kona: nyanya yako amesimama wima kama askari wa gwaride, nyuma yake pazia lililochorwa maporomoko ya maji yasiyokuwepo popote Ukambani, na mkononi ameshika kitu. Umepita chini ya picha hiyo tangu ukiwa unatambaa. Ameshika nini? Hujui. Ulitazama uso, ukasema pua hii ndiyo yangu, ukaenda kula. Mikono hukuitazama. Na ukuta wenyewe unaoibeba picha hiyo, uwe uko Mavoko, Syokimau au hapa hapa mjini Machakos, ulipigwa plasta kwa mchanga uliotoka kwenye mto fulani, na mto huo nao hukuuliza unapita wapi wala nani alikuwa akiunywa. Kuna watu ambao hawasahau mambo kama hayo. Tulia basi, usikie ya Asmaa.

Asmaa binti Tariq alikuwa mtu wa kutazama mikono. Alizaliwa ndani ya kazi hiyo. Baba yake, Mzee Tariq, alipanda kutoka Pwani akiwa kijana na kamera moja ya miguu mitatu, akafungua studio mtaa ulio nyuma ya msikiti, na kwa muda mrefu hapakuwa na bibi harusi, mwalimu aliyepata kazi, wala mtoto aliyebatizwa ambaye hakupita mbele ya pazia lake. Mzee alikufa, pazia likararuka, studio ikabaki kwa Asmaa. Ikawa mahali pa picha za pasipoti na pa kutoa kopi. Kazi hizo huja kwa mafungu. Kuna alasiri ambapo mtu hukaa na kompyuta yake na feni tu, wala hakuna anayebisha hodi.

Katika alasiri hizo Asmaa alisoma kitabu kisichosomeka.

Ndivyo alivyokiita. Kiliandikwa kwa mkono huko Ulaya, karne na karne zilizopita, kwa herufi ambazo hakuna aliyezifumbua hadi leo. Maprofesa wamejaribu, kompyuta zimejaribu. Maktaba inayokihifadhi imeweka kurasa zake zote mtandaoni, atazame anayetaka. Kuna kurasa za mimea isiyoota popote. Kuna kurasa za nyota. Na kuna zile ambazo Asmaa alizipenda kuliko zote, kurasa za wanawake: wafupi, wanene kidogo, hawana nguo, wamesimama safu kwa safu ndani ya madimbwi ya maji ya kijani, na wengi wao wameshika kitu. Mmoja ana duara. Mmoja ana kitu chenye ncha mbili. Mmoja ana kitu kama pia ya watoto ya kuzungusha, au kama kitunguu, au kama si chochote. Watu wasio na cheo, kama yeye, wanabishana kila siku kwenye jukwaa la mtandaoni kuhusu vitu hivyo. Ile ni pete ya ndoa. Hapana, ni taji. Hapana, ni chombo cha mganga.

Asmaa alichapa ukurasa mmoja, akaukuza hadi ukatosha ubao mzima, akaubandika karibu na mlango pale wateja wanaposubiri kopi zao. Halafu akanyamaza, akawasikiliza.

"Hii ni plagi ya pikipiki," alisema bwana mmoja wa boda boda, akigusa kile kitu cha pia. "Na imeungua. Huyu mama pikipiki imemzimikia njiani."

"Pikipiki ndani ya maji?" mwenzake akamuuliza.

"Sasa wewe unadhani imezimika kwa nini?"

Katekista aliona msalaba. Mama mmoja anayeuza mitumba Tala aliona kile kidude cha kutundikia nguo, akashangaa kwamba wanawake hao wamekumbuka cha kutundikia na nguo zenyewe wamesahau. Kila mtu alikiona kile alichotoka nacho kwake asubuhi. Asmaa aliligundua hilo mapema, likamfurahisha, lakini yeye mwenyewe hakujihesabu miongoni mwao. Yeye alikuwa na jibu, na alilipata kwa Kasyoka.

Kasyoka ni mkulima wa upande wa Katangi, mama wa makamo mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya bonde. Siku za soko huleta ndengu Machakos, na akishauza huja studio kupumzisha miguu na kunywa chai ya Asmaa huku akiilaumu kwamba ina viungo vingi kama pilau. Siku ya kwanza alipouona ule ukurasa aliusogelea, akautazama hadi chai ikapoa.

"Mama Layla," alisema, kwa maana binti ya Asmaa anaitwa Layla, "hawa wamama wako kwa foleni ya maji."

"Umejuaje?"

"Si huyu ameshika ngata?"

Ngata ni lile duara la kitambaa kilichosokotwa, la kuweka kichwani chini ya mzigo. Kwao, Kasyoka akaeleza, ukifika mtoni ukakuta wengine wametangulia kwenye shimo la maji, unaweka ngata yako ukingoni unaenda kukaa kivulini. Ngata inakushikia zamu. Hakuna anayeiruka ngata ya mwenzake, hata kama mwenyewe amelala usingizi, hata kama jana mligombana mkatukaniana wazazi.

Tangu siku hiyo Asmaa hakuona kingine. Madimbwi ni mashimo ya maji. Safu ni foleni. Duara ni zamu ya mtu. Aliandika makala ndefu ya kupeleka kwenye jukwaa, makala yenye hasira ya heshima, kuwaambia wale wa ng'ambo kwamba wameona pete na taji kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupanga foleni ya maji. Aliipenda makala hiyo kama mtu anavyompenda mtoto aliyempata ukubwani. Ilibaki kuisoma mara ya mwisho na kuituma.

Na sasa mto wenyewe uelezwe, maana ndio wenye kesi. Ni mto wa mchanga. Mvua ikiisha huoni maji juu. Yanalala chini ya mchanga, na ukichimbua kwa kibuyu unayakuta yamechujwa, baridi. Zamani wanawake wa hapo walijenga ukuta wa mawe kuukatiza mto, kazi ya mwethya, kila nyumba ikitoa mikono yake, mawe yakibebwa kichwani kutoka mlimani. Waheshimiwa walikuja ukuta ulipoanza, wakapigwa picha wakishika mwiko wa fundi. Wakaja tena ukuta ulipokwisha, wakakata utepe. Katikati hapo, penye mawe, hawakuonekana. Lakini ukuta ulisimama. Mchanga ukajaa nyuma yake, maji yakajaa ndani ya mchanga, kijiji kikanywa. Halafu Nairobi ikaanza kujenga ghorofa, na malori ya mchanga yakajua njia ya Katangi; na mchanga ukiondoka, maji huondoka nao.

Siku moja isiyo ya soko Kasyoka aliingia studio bila ndengu. Hakukaa. Hakuulizia chai.

"Mama Layla, wewe si unasomanga picha? Nisomee hii."

Akamnyooshea simu. Ilikuwa picha nzuri, ya mtu anayejua kazi. Wanawake wamesimama safu moja ndani ya mto mkavu, mchanga umechimbuliwa, maji kidogo yanang'aa miguuni mwao. Kasyoka yuko katikati, anatabasamu. Na kila mmoja ameshika beleshi.

"Iko kwa kesi," Kasyoka alisema.

Akaeleza. Levi, mwenye malori, ameomba kibali cha kuchota mchanga nyuma ya ukuta. Kamati ya mto ina kanuni yake: kikundi kinacholinda ukuta kikikataa, kibali hakitoki. Lakini kikundi kikipatikana kinachimba mchanga chenyewe na kuuza, hakina sauti tena, na mwenye lori huingia. Levi hakubishana na wanawake. Alipeleka picha.

"Anasema sisi ndio wachimbaji. Anasema tunamnyima kwa wivu wa biashara."

"Na mnachimba?"

"Hata wewe," Kasyoka alisema.

Asmaa aliona haya, lakini swali lilikuwa limeshatoka. "Basi mbona mmeshika mabeleshi?"

"Tuliambiwa tushike kitu."

"Na nani?"

Kasyoka akageukia barabara. "Na Mudi wenu," akasema taratibu.

Mudi ni ndugu yake Asmaa, kitinda mimba wa Mzee Tariq, mtu mzima mwenye mke na watoto, mpiga picha wa harusi anayejulikana kuanzia Tala hadi Kithyoko. Alipopigiwa simu alifika akiwa bado anatafuna njugu, akamwamkia Kasyoka, akaiona picha, akatabasamu kwa fahari ya fundi.

"Mwanga umetulia, eh? Ilikuwa ya kalenda. Mtu alinipigia, akasema kuna kikundi cha wamama wa maendeleo wanataka picha."

"Mtu gani?"

"Levi. Kwani kuna nini?"

Wakamwambia kuna nini. Njugu zikakoma.

"Wallahi dada, sikujua," Mudi alisema. "Nimefika pale, wamama wamesimama, mikono inaning'inia kama nguo kwa kamba. Nikawaambia, mama zangu, shikeni kitu. Si ndivyo mzee alivyokuwa anasema?"

Ndivyo alivyokuwa anasema. Asmaa aliisikia sauti yenyewe. *Shika kitu, mama. Mkono mtupu hauna adabu mbele ya kamera.* Na hapo Mzee Tariq angevuta sanduku lake la mbao kutoka chini ya pazia: ua jekundu la plastiki, mkono wa simu uliokatwa waya, redio isiyo na kitu ndani, chupa ya chai iliyopasuka kioo, miwani isiyo na lenzi, kitabu kinene. Mtu alichagua. Alichokuja nacho, kikapu chake, jembe lake, ngata yake, alikiacha mlangoni, nje ya picha. Machakos nzima ilipigwa hivyo. Hadi leo mtu wa hapa ukimwelekezea kamera kabla hajajipanga, ataokota hata jani, lakini mkono mtupu hautaupata.

"Na mabeleshi yalikuwa ya nani?" Asmaa akauliza.

"Ya vijana wa lori," Kasyoka akajibu. "Walikuwa wameenda kula, wameyaacha kwa mchanga. Yalikuwa mapya, Mama Layla. Yanang'aa."

"Si mlikuja na mitungi?"

"Mtungi wangu uko na kiraka. Umezibwa na sabuni na kipande cha ndala. Wewe utapigwa picha na mtungi kama huo, ukae kwa kalenda mwaka mzima?" Akapunguza sauti. "Tuliificha nyuma ya kichaka."

"Mimi ndiye nilisema waitoe," Mudi akasema. "Ilikuwa inaharibu picha."

Asmaa aliihamishia picha kwenye kompyuta, akaikuza. Kwa miaka yote aliyokaa na kitabu kisichosomeka alikuwa amejiwekea kanuni moja: usiulize kitu ni nini kabla hujavitazama vidole. Mwenye kitu hukishika bila kukifikiria. Mtu anayelijua beleshi hushika mpini kwa kiganja chote, mkono mmoja chini mmoja juu, bapa likitazama chini. Kasyoka alikuwa ameshika mpini kwa ncha za vidole, bapa likiwa juu karibu na shavu, kichwa kimeinama kidogo upande wake. Wenzake vivyo hivyo. Asmaa aliujua mshiko ule tangu utotoni. Ni mshiko wa lile ua jekundu la plastiki.

Akacheka kidogo. Halafu macho yake yakaenda kwenye ukuta, kwenye ule ukurasa, na kicheko kikamwishia.

Wale wanawake wa maji ya kijani nao walishika vitu vyao kwa ncha za vidole. Yule mwenye duara hakulishika kama mtu anayeishika ngata yake. Ngata huvaliwa mkononi kama bangili, hutiwa kwapani, hukaliwa. Yeye alikuwa amelinyoosha mbele, mbali na mwili, kwa uangalifu wa mtu aliyeazimwa. Asmaa alikuwa ameutazama mkono huo mara zisizohesabika na hakuuona, kwa sababu alikuwa anatazama ngata.

Je, kama mchoraji naye aliwaambia washike kitu? Je, kama kile walichokuja nacho kilibaki nyuma ya kichaka, nje ya ukurasa, na hakuna atakayekiona tena?

"Unaona nini?" Kasyoka aliuliza.

"Naona makala yangu inakufa."

"Ile ya ngata?" Kasyoka akausogelea ule ukurasa, akakunja uso. "Kwa hivyo ngata yangu si ngata?"

"Sijui, Kasyoka. Inaweza kuwa. Lakini sijui tena."

"Aah." Kasyoka alifikiri. "Basi iache yao. Yangu naiona." Akaweka kidole kwenye kompyuta. Kweli, pale kwenye kifundo cha mkono wake, nusu imefichwa na mpini wa beleshi, ilikuwapo ngata. Alisahau kuitoa. Ilikuwa imekaa pale jinsi kitu cha mtu mwenyewe kinavyokaa.

Kamati ilikaa katika ukumbi wa kanisa kule Katangi. Mwenyekiti alikuwa Ann, mwalimu mstaafu mwenye subira ya kuudhi. Wanawake wa ukuta walijaza viti vya nyuma. Levi alikaa mbele, mtu mcheshi, ana salamu kwa kila mtu, alimwulizia Kasyoka hali ya mguu wake kabla ya kuanza kumnyang'anya mto.

Asmaa alisimama akaeleza. Alieleza vidole, akaeleza ua, akaeleza ngata iliyo kifundoni. Akalifungua lile sanduku la mbao la Mzee Tariq mezani, akatoa redio, simu, chupa ya chai.

"Mwenyekiti," Levi alisema kwa upole aliposimama, "mimi nimeleta picha ya mabeleshi. Huyu dada yetu wa mjini anasema ni maua. Nikimwacha aendelee, jioni atatuambia lori langu ni keki ya harusi."

Ukumbi ukacheka. Hata Kasyoka alicheka, akajizuia kwa leso.

Mudi akasimama, akasema yeye ndiye aliyewaambia washike.

"Wewe ni ndugu ya shahidi," Ann alisema, "na ulitumwa na mwombaji. Nikuweke upande gani?"

Mudi akakaa.

Ann aliishika ile picha, akaisogeza mbali na macho, akairudisha. Hakuwa mjinga, wala hakuwa wa Levi. "Ngata naiona," alisema. "Lakini ngata hubeba hata karai la mchanga. Vidole naviona, lakini vidole havijaapishwa. Sanduku nimeliona. Linaonyesha mko na sanduku. Unaniambia watu wa hapa wakiona kamera huokota kisicho chao, na hiyo mimi nakumbuka, nilikuwa msichana hapa hapa. Lakini kumbukumbu yangu si ushahidi. Niletee watu, picha, wameshika vitu vya hili sanduku. Si picha mbili tatu za jamaa zako. Nyingi, za watu wasiojuana, hadi yeyote akitazama aseme ndivyo wanavyofanya. Tutakaa tena Alhamisi asubuhi. Baada ya hapo natoa uamuzi, na malori yasipozuiwa yataingia siku hiyo hiyo."

Hapo ndipo ilipokuwa kazi. Filamu za Mzee Tariq hazikuwepo. Mvua ya El Nino ilipitia paani ikazigandisha zikawa tofali moja jeusi. Picha zilizobaki zilikuwa kwenye kuta za watu tu.

Mudi alitoka na pikipiki kuzitafuta. Hakuambiwa. Alipita Kangundo, akapita Tala, akashuka hadi Masinga. Asmaa alibaki studio akipiga simu, na kwa siku za kwanza mambo yalikwenda vizuri. Kutoka Kithyoko akaja mzee mmoja, Kiema, amejifungia picha yake ndani ya gazeti. Alikuwa yeye mwenyewe, kijana, suruali imepigwa pasi, ameshika kitabu kinene kifuani na kidole kimoja kimewekwa katikati ya kurasa, kana kwamba amekatizwa kusoma.

"Wakati huo sikuwa najua kusoma hata jina langu," alisema. "Lakini ona nilivyokishika, mama. Ona hicho kidole! Bibi yangu alinikubali kwa hii picha."

Asmaa akakitoa kitabu chenyewe kwenye sanduku. Jalada lile lile, doa lile lile la chai. Mzee Kiema akakipokea kwa mikono miwili. Akakifungua, maana siku hizi anasoma, akatazama kurasa mbili tatu, mabega yakaanza kumtikisika.

"Matrekta!" alisema. "Ni vipuri vya matrekta! Na mimi nilimwambia ni Zaburi!"

Alicheka hadi akakaa. Akaiacha picha, akasema Alhamisi atakuja mwenyewe asimame kando yake.

Lakini wengine hawakuwa hivyo. Wengi walisema watatafuta. Wengine walisema imepotea, na Mudi akaiona ikining'inia nyuma yao wakisema hivyo. Mama mmoja wa mjini, Wavinya, mwenye duka la vitambaa na heshima zake, alimsikiliza Asmaa hadi mwisho, kisha akaitazama picha ya babu yake ukutani, babu aliyeshika mkono wa simu sikioni kwa uso wa mtu anayezungumza na gavana wa wakoloni.

"Asmaa," alisema, "sisi tumekua tukiambiwa babu ndiye mtu wa kwanza kuwa na simu hapa Ukambani."

"Najua."

"Baba alihutubia nayo kwenye mazishi. Iko kwa programu. Sasa unataka niipeleke Katangi, mbele ya kamati, niseme waya ulikuwa umekatwa?"

"Nataka uipeleke tu. Waya unaonekana."

Wavinya akarudi kupima kitambaa cha mteja, na hakuinua tena macho.

Asmaa alirudi studio kwa miguu. Hakumkasirikia. Alikaa mbele ya kompyuta, akaifungua ile makala yake ndefu ya ngata, akaisoma yote, akaifuta. Mahali pake, kwenye jukwaa, aliandika: *Sijui wameshika nini. Nimeanza kuuliza nani aliwaambia washike.* Kisha akauendea ule ukurasa, akamtazama yule mwanamke mwenye duara. Alikuwa peke yake. Hakuwa na jirani aliyebaki wa kumsemea, wala mjukuu aliye na picha nyingine ya kulinganisha, wala mtu yeyote duniani wa kusema: kile hakikuwa chake, alikuja kuteka maji. Wote walikuwa wamekwisha. Kila mtu angemshikisha anachotaka, na hilo halingeisha.

Kasyoka hakuwa amefika hapo. Kasyoka alikuwa hai, na waliojua walikuwa hai, na picha zilikuwa ukutani.

Jumatano alasiri Kasyoka alikuja kuchukua sanduku. Walihesabu picha pamoja juu ya kaunta, bila haraka. Zilikuwa chache. Hazikutosha kujaza hata meza ya mwenyekiti.

"Zitatosha?" Kasyoka aliuliza.

"Hapana," Asmaa alisema, kwa maana hawakuwa watu wa kudanganyana.

Kasyoka alikunywa chai yake yote. Hakuilaumu viungo. Akavua ngata kifundoni, akaiweka kwenye kaunta, kando ya zile picha, ukingoni kabisa, jinsi inavyowekwa mtoni.

"Naiacha hapa," alisema. "Kama kuna mtu anakuja, ajue foleni bado iko."

Iko. Wewe ndiye unayengojwa. Unajua sasa kwamba redio ya sandukuni haikuwa na kitu ndani, na chupa ya chai ilikuwa imepasuka, na kitabu kilikuwa cha matrekta. Nyanya yako hapungukiwi chochote kwa hilo. Alishikishwa kitu akakishika kwa heshima, kama Kasyoka alivyolishika beleshi, na alichokuja nacho mwenyewe kilibaki mlangoni kikimngoja. Weka chini unachokula. Panda kwenye kiti, ishushe hiyo picha, ifute vumbi, utazame mikono. Usipige simu kuuliza kama bado inahitajika. Usimtume mtu. Ibebe wewe mwenyewe, Alhamisi asubuhi, ukumbi wa kanisa, Katangi, kabla malori hayajawasha injini. Ondoka sasa.